Vita vya karata mia moja: walinzi watatu, lango moja

Karata mbili tu, ambazo gharama yake kwa jumla ni nguvu tatu, zatosha kumaliza vita vya watu wanne kabla chai haijapoa. Ya kwanza yaitwa Thassa's Oracle, na ya pili Demonic Consultation. Mwenye kuzicheza kwa utaratibu unaotakiwa hana haja ya kumjeruhi mpinzani hata mmoja. Hushinda papo hapo, na wale watatu waliosalia, ambao huenda walikuwa na majeshi makubwa mezani na uhai wao haujapungua, hukusanya karata zao wakaanza upya.

Jambo la ajabu ni kwamba hila hiyo si siri. Kila aketiye mezani aijua, aitazamia, na aghalabu mmoja wao anayo mkononi dawa ya kuizuia. Kwa nini basi ingali yashinda? Hilo ndilo swali tulilokusudia kulieleza leo kwa wasomaji wetu walio makambini na vituoni, maana linahusu tabia ya watu watatu waliokabidhiwa lango moja kulilinda, na habari za lindo hazihitaji mfasiri mbele ya askari.

Mchezo wenyewe waitwa Magic: The Gathering. Ulianza kuuzwa nchini Marekani mwezi Agosti 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington, nao ulitungwa na mwanahisabati aitwaye Richard Garfield. Karata zake hazifanani na zile 52 tulizozizoea kantini, zenye shupaza, kopa, uru na pau. Hizi ni karata za kununua na kukusanya. Zimekwisha kuchapishwa za namna zaidi ya 25,000, na kila moja ina jina lake, picha yake na amri yake iliyoandikwa juu yake. Mchezaji huja mezani na jozi aliyoichagua na kuipanga mwenyewe nyumbani, karata kwa karata, kama vile ofisa apangavyo mizigo ya kikosi kabla ya safari ndefu. Aliyesahau risasi nyumbani hatazipata njiani.

Aina ya mchezo tunayoizungumzia hapa huitwa Commander, yaani Kamanda, na historia yake ina mkono wa askari ndani yake. Ilianzia Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, katika miaka ya 1990, miongoni mwa kikundi kidogo cha marafiki. Wao waliuita Elder Dragon Highlander, kwa kuwa makamanda wa kwanza walikuwa mazimwi watano wakongwe ambao karata zao zilitolewa mwaka 1994. Huenda mchezo huo ungalifia huko huko kwenye theluji. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtumishi mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani, Sheldon Menery, alikuwa amepangiwa kazi Alaska. Akaukuta mchezo, akaupenda, na alipohamishwa akaondoka nao. Menery alikuwa pia mwamuzi wa mashindano ya karata hizi, na kwa njia yake waamuzi wenzake wakaanza kuucheza usiku, baada ya kazi. Mwaka 2011 kampuni ikatoa kwa mara ya kwanza jozi zilizokwisha pangwa mahsusi kwa mchezo huo, na leo hii ndiyo namna ya kucheza inayopendwa kuliko nyingi. Wasomaji wetu watakumbuka ni nyimbo ngapi, misemo mingapi na mapishi mangapi yaliyosafiri nchini mwetu kwa njia hiyo hiyo ya uhamisho wa askari mmoja.

Sasa tueleze kanuni, kwa kifupi. Wachezaji ni wanne. Kila mmoja ana karata 100, na mojawapo ni kamanda wake, ambaye huwekwa kando waziwazi, wote wakimwona. Isipokuwa karata za ardhi za kawaida, ambazo hutoa nguvu za kulipia karata nyingine, hakuna karata inayoruhusiwa kuwamo zaidi ya mara moja. Rangi za mchezo ni tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani, na jozi yote sharti ifuate rangi za kamanda. Kila mchezaji huanza na uhai wa pointi 40. Kamanda akiuawa aweza kurudishwa mahali pake pa kando na kuitwa tena, lakini kila anapoitwa tena gharama yake huongezeka kwa nguvu mbili. Wote watatu ni wapinzani wako, nao ni wapinzani wao kwa wao. Hakuna timu.

Wengi duniani hucheza hivyo kwa furaha, saa mbili au tatu, wakiyajenga majeshi ya mazimwi na kuyapambanisha. Lakini lipo kundi la wachezaji wa mashindano ambao hawana subira hiyo. Hao hujiuliza swali moja tu: ni njia gani iliyo fupi kuliko zote ya kushinda? Jibu lao ni muungano, maana yake karata mbili au tatu ambazo kila moja peke yake ni ya kawaida, lakini zikikutanishwa hufanya jambo ambalo hata mtungaji wake pengine hakulitazamia.

Tuutazame ule tuliouanza. Demonic Consultation ni karata ya zamani, ya mwaka 1995, na gharama yake ni nguvu moja nyeusi. Yasema hivi: taja jina la karata; kisha ziondoe kabisa mchezoni karata sita za juu za bunda lako; kisha endelea kufunua moja moja hadi uipate uliyoitaja, na zote ulizofunua kabla yake ziondolewe pia. Ilikusudiwa kuwa karata ya upelelezi yenye hatari. Lakini je, ukitaja karata ambayo haimo kabisa katika jozi yako? Utafunua bunda lote mpaka liishe. Hilo kwa kawaida ni kujinyonga, kwa sababu mchezaji anayetakiwa kuchota karata katika bunda tupu hushindwa mara moja.

Ikapita miaka 25. Januari 2020 ikatoka Thassa's Oracle, ya nguvu mbili za buluu. Hiyo inapoingia mezani humwambia mwenyewe atazame karata za juu za bunda lake, idadi yake ikitegemea alama za buluu alizo nazo mezani. Na iwapo idadi hiyo ni sawa au yazidi karata zilizobaki katika bunda, ameshinda. Basi mchezaji huiingiza Oracle, na amri yake inapokuwa bado inangoja kutendeka, hucheza Consultation na kulimaliza bunda lake lote kwa makusudi. Amri ya Oracle inapotendeka hukuta bunda lina karata sifuri. Mchezo umekwisha.

Kurutu wa mchezo huu hudhani ataokoka kwa kuiua Oracle mara tu inapoingia. Hajapiga hesabu. Oracle ikifa, amri yake ingali inangoja. Alama za buluu zitakuwa sifuri, bunda nalo ni sifuri, na sifuri ni sawa na sifuri. Mwenye hila ameshinda na maiti. Waliokwisha zoea hujua kwamba milango ni michache: kuitangua Oracle inapotangazwa, kuitangua Consultation, kuitangua ile amri yenyewe kwa karata adimu za kazi hiyo, au kumlazimisha mwenye hila achote karata wakati bunda lake limekwisha kuwa tupu, hapo aangamie kwa mtego wake mwenyewe.

Muungano wa pili tuutaje, maana unapendeza kwa hesabu yake. Kifaa kiitwacho Isochron Scepter, cha mwaka 2003, huhifadhi ndani yake karata moja nyepesi, na kwa kulipa nguvu mbili na kukilaza kifaa chenyewe, nakala ya karata hiyo hutendeka. Ukihifadhi humo Dramatic Reversal ya mwaka 2016, ambayo huvisimamisha tena vyote ulivyo navyo mezani isipokuwa ardhi, basi Scepter yenyewe husimama tena, pamoja na vyombo vyako vyote vya kuzalisha nguvu. Vyombo hivyo vikitoa tatu na mzunguko ukigharimu mbili, kila mzunguko hukuachia moja. Kanuni hazimlazimishi mtu kurudia mkono kwa mkono hadi usiku wa manane. Hutaja tu idadi, tuseme mara milioni moja, na wapinzani wakikosa la kufanya hukubaliwa. Mwaka 2019 wataalamu watatu, Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick, walithibitisha kwamba kwa karata za mchezo huu mtu aweza kuunda mashine ya kukokotoa iliyo kamili, na kwamba hakuna kanuni ya hesabu iwezayo daima kutabiri nani atashinda. Tusiingie zaidi huko, tusije tukapotea.

Turudi langoni. Yafaa ieleweke kwanza kwamba karata inayochezwa haitendi kazi papo hapo. Huwekwa katika rundo, na wachezaji huulizwa kwa zamu, kuzunguka meza, iwapo wana la kusema. Mwenye jibu huliweka juu ya ile ya kwanza. Wote wakinyamaza mfululizo, ile ya juu kabisa hutendeka kwanza, kama sahani za bwalo ambazo ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kisha huulizwa tena.

Tuwaite wachezaji wetu kwa pande za dira, kwa kufuata mwendo wa saa: Kaskazini, Mashariki, Kusini na Magharibi. Kaskazini atangaza Oracle. Wa kwanza kuulizwa ni Mashariki. Tuseme mkononi ana Force of Will, karata ya mwaka 1996 iliyo maarufu kuliko karata zote za kutangua, kwa sababu yaweza kuchezwa bila nguvu yoyote: mwenyewe hulipa pointi moja ya uhai na kuiondoa mchezoni karata nyingine ya buluu iliyo mkononi mwake. Sasa tazama gharama. Mashariki akizuia, yeye amepoteza karata mbili. Kaskazini amepoteza moja. Kusini na Magharibi hawakupoteza kitu, nao wataingia katika zamu zao wakiwa wamejaa, wakimkabili Mashariki ambaye bohari yake sasa ni nusu tupu. Ameokoa watu watatu kwa mali yake peke yake, na malipo yake ni kuwa mnyonge wao.

Kwa hiyo Mashariki atamani mno kunyamaza. Hujiambia: bila shaka Magharibi, aliye wa mwisho kuulizwa, anayo dawa, naye hawezi kumsukumia mwingine, hivyo atalazimika kuitumia. Kusini hujiambia vivyo hivyo. Magharibi ndiye asiye na mtu wa nyuma yake. Akiwa na dawa ataitoa, akiwa hana, wote watatu wamekwisha, huku karata ya kuwaokoa ikiwa imelala mkononi mwa Mashariki. Sisi tuliopitia chuo cha maofisa wanafunzi tulifundishwa mapema kwamba lindo la watu watatu lisilo na mkuu wa zamu ni baya kuliko lindo la mtu mmoja. Katika mchezo huu hakuna mkuu wa zamu, wala hawezi kuwapo, kwa kuwa walinzi wenyewe ni maadui.

Lakini kunyamaza kwa Mashariki si ujinga wakati wote, na hapa ndipo mabingwa wanapojitenga na wengine. Tuseme Magharibi ametoa karata ya kutangua, na Kaskazini akajibu kwa Pact of Negation ili ailinde Oracle yake. Hiyo ni karata ya mwaka 2007 ambayo haigharimu kitu leo, ila mwanzoni mwa zamu yake ijayo mwenyewe sharti alipe nguvu tano au ashindwe. Na Kaskazini hajali deni la kesho, kwa kuwa anakusudia kesho isiwepo. Rundo limepata karata mpya, kwa hiyo maulizo yanaanza tena kuzunguka. Mashariki, aliyenyamaza mara ya kwanza, sasa anapata nafasi ya pili, naye anaona jambo ambalo hakuliona awali: dawa ya Magharibi imekwisha kutoka, na ngao ya Kaskazini imekwisha kutoka. Akiitangua ngao hiyo kwa Force of Will yake, ya Magharibi itatendeka, na Oracle itakufa bado ikiwa tangazo. Aliyesubiri amepiga penye mfupa. Ila kama Magharibi angalikuwa mikono mitupu, subira hiyo hiyo ingaliitwa usaliti.

Ndiyo maana meza hizi hazina kimya. Kanuni zaruhusu kuzungumza, kuahidi, kutisha na hata kumwonyesha mwenzio karata zako za mkononi, lakini hakuna kanuni imlazimishayo mtu kutimiza ahadi. Utasikia Mashariki akisema, "Mimi ninayo, lakini nitaitumia ikiwa tu Kusini hatanishambulia zamu ijayo." Kusini naye hukubali, tena kwa uso mkunjufu. Kama atatimiza, hiyo ni habari ya zamu ijayo.

Kuna karata nyingine inayoonyesha udhaifu huu kwa upole zaidi, nayo ni Rhystic Study ya mwaka 2000. Kila mpinzani anapocheza karata, mwenye Rhystic Study huchota moja, isipokuwa yule aliyecheza akubali kulipa nguvu moja ya ziada. Ni kodi ndogo sana. Kila mmoja wa watatu hutazama zamu yake, huona kwamba akilipa atachelewa kidogo, na huona kwamba karata moja kwa adui haitaangusha dunia. Watatu wakiwaza hivyo kwa mizunguko miwili, adui ana karata kumi mkononi, na miongoni mwake, bila shaka, ile Oracle na mwenzake.

Jozi za mashindano hupangwa kwa namna tatu kuu, na kila moja ni jibu kwa lango hilo. Wako wa shambulio la ghafla, kama wale wamtumiao Rograkh, kamanda asiye na gharama yoyote, pamoja na mwenzake Silas Renn. Hao hujitahidi kushinda katika zamu ya pili au ya tatu, kabla walinzi hawajapata silaha. Wako wa subira, kama wamtumiao Tymna the Weaver, ambao huchota karata taratibu na kungoja wenzao wachoke kwa kuzuiana. Na wako wajenga vizuizi. Karata yao moja yaitwa Rule of Law, maana yake Utawala wa Sheria, nayo humkataza kila mchezaji, pamoja na mwenyewe, kucheza zaidi ya karata moja katika zamu moja. Oracle na Consultation zahitaji kuchezwa katika zamu moja, basi hapo muungano umefungwa pingu. Askari polisi watafurahia jina hilo. Wachezaji wenzao mezani hawafurahii hata kidogo. Kwa maoni yetu hao wajenga vizuizi ndio peke yao wanaolipa gharama ya ulinzi mbele, hadharani, nao ndio wanaochukiwa kuliko wote.

Katika mashindano kuna jambo jingine lililoleta ubishi mwingi. Mchezo waweza kwisha kwa sare, na sare huleta pointi chache badala ya sifuri. Mlinzi mwenye dawa ya mwisho aweza kusema, "Nikimzuia huyu, anayefuata atashinda. Nisipomzuia, huyu atashinda. Basi tukubaliane sare sote wanne." Wengine huona hiyo ni hekima ya majadiliano, wengine huona ni woga uliovaa sare ya jeshi. Waandaaji wa mashindano wamejaribu kupunguza thamani ya sare ili watu wapigane hadi mwisho.

Fedha nazo zina neno lake. Karata nyingi zenye nguvu ni za miaka ya 1990, na mwaka 1996 kampuni iliahidi kutochapisha tena baadhi yake, kwa hiyo bei yake imepanda mno. Mashindano mengi yasiyo rasmi huruhusu nakala za karatasi ili mtu ashindwe kwa akili yake na wala si kwa mfuko wake. Utaratibu huo twaupenda.

Menery alifariki Septemba 2023 baada ya kuugua saratani. Kamati ya watu wa kujitolea aliyoiongoza kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikitunza kanuni za mchezo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Septemba 2024, kamati hiyo ilipiga marufuku karata nne, zikiwamo Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, karata za haraka zilizokuwa nguzo ya jozi nyingi za mashindano na zilizokuwa na bei kubwa. Hasira ikalipuka. Wajumbe wa kamati walitishiwa maisha, wao waliokuwa hawalipwi hata senti kwa kazi hiyo. Wachezaji walioiona hatua hiyo kuwa ya haki walikuwa wengi, lakini waliosimama mbele kupokea matusi walikuwa wale wachache wa kamati. Baada ya siku saba, tarehe 30 Septemba, usimamizi wa kanuni ulikabidhiwa kwa kampuni ya Wizards of the Coast.

Mwezi Februari 2025 kampuni ilitangaza kwa majaribio utaratibu wa kuzigawa jozi katika ngazi tano, ili anayetaka kujenga jeshi la mazimwi kwa saa tatu asikutanishwe na anayetaka kushinda katika zamu ya tatu. Ngazi ya tano ndiyo ya mashindano tuliyoieleza. Huko Oracle ingali inaruhusiwa, Consultation ingali inaruhusiwa, na maulizo yangali yanaanzia kwa mchezaji anayefuata kwa mwendo wa saa.